Kochi Lililohamia kwa Bibi Kengele

Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita, choo kimoja, na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: siku afisa wa ustawi anapokuja kukagua, vitu vya mkaguliwa huenda kupumzika kwa jirani. Hakuna aliyeuita huo udanganyifu. Waliita kupumzisha vitu. Redio ya chumba cha kwanza iliwahi kupumzika chumba cha tatu kwa siku mbili, na friji ya chumba cha tano ikahamia chumba cha sita mpaka maziwa ya watu yakaganda, na wote wakacheka, kwa sababu leo kwako kesho kwangu. Ukitaka kuwalaumu, anza na walioandika fomu ya Mfuko wa Dharura. Swali lake la tisa lilimtaka mwombaji ataje samani zote alizo nazo, kana kwamba mtu akiwa na kabati hawezi kulala na njaa.

Chumba cha pili aliishi fundi makochi, mkewe na watoto wao wawili. Watu walimwita Fundi Springi, kwa sababu hakuchoka kuwaeleza wateja kwamba kochi lisilo na springi ni benchi lililovaa nguo. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko mfuko wake. Kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho ndani ni kochi moja la watu watatu, la mahameli ya rangi ya damu ya mzee, ambalo mteja aliagiza kisha akahama mji bila kuaga. Fundi hakuliuza. Lilikuwa ndilo tangazo lake: mteja mwenye mashaka aliletwa chumbani, akakalishwa, akapewa maji ya kunywa, na mara nyingi aliponyanyuka alikuwa ameshakubali bei.

Kisha bomba kuu la mtaa likapasuka na maji yakaingia bandani kwake. Sponji zote zikalowa, vitambaa vya wateja vikachuja rangi, na Fundi, kwa pupa ya kutaka kujua kama cherehani lake la umeme limepona, akaliwasha kabla halijakauka. Mota ikaungua. Hilo la mota hakumwambia mtu isipokuwa mkewe, ambaye hakumlaumu wala kumpoza, alitikisa kichwa tu akaendelea kukunja nguo. Miezi mitatu bila kazi, miezi mitatu bila kodi. Mwenye nyumba alikuja na karatasi: mwisho wa mwezi, kufuli.

Ndugu aliowapigia simu walimpa pole, na pole haina benki inayoipokea. Chama cha mafundi kilikuwa na mfuko wake, lakini yeye alikuwa ameacha kulipa ada tangu mwaka uliotangulia. Msikitini walimwambia zamu yake ni baada ya watu kumi na wanne, na kanisani alikokwenda mkewe walimpa unga na maombi. Ukabaki Mfuko wa Dharura wa ofisi ya ustawi. Akajaza fomu, na alipofika swali la tisa akaandika: kitanda, meza, viti viwili vya plastiki.

Afisa alipotuma ujumbe kwamba atafika Jumatano saa nne, Fundi na mkewe waliinua kochi mapema asubuhi, wakavuka nalo ukumbi hadi chumba cha nne.

Chumba cha nne kilikuwa cha Bibi Kengele. Alikuwa mfagizi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na ndiye aliyepiga kengele, kwa hiyo nusu ya mtaa walijifunza saa kutoka mkononi mwake. Mume alikuwa amekufa, mtoto hakujaliwa. Alikuwa mtu wa kutoa, si wa kuomba. Ukimpelekea bakuli la mboga, bakuli lilirudi na kitu ndani, hata kama ni ndimu moja.

"Bibi, shikamoo. Tunaomba utupumzishie kochi," mke wa Fundi alisema. "Mpaka jioni tu."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza mlangoni lakini macho yake hayakutua kwa mtu. "Ni kwa ajili ya mkaguzi?"

"Ndiyo, anakuja saa nne."

"Mimi nilidhani mkaguzi anakuja Ijumaa."

"Huyo wa Ijumaa labda ni wa nyumba nyingine," Fundi alisema. Akili yake yote ilikuwa kwenye fremu ya mlango, asije akakwaruza mguu wa kochi.

"Haya, pitisheni. Chumba chenyewe hiki, mimi nitakaa juu yake, hakuna pa kukaa pengine."

Wakacheka wote watatu. Kochi lilijaza chumba kutoka kitandani hadi mlangoni, na Bibi Kengele akaketi katikati yake kama bibi harusi.

Afisa alifika saa nne na dakika tano. Alikuwa dada mwenye viatu vya mpira na begi la mafaili, sauti ya upole, na kalamu isiyopumzika. Alitazama kitanda, akatazama meza, akavihesabu viti vya plastiki kwa macho. Aliuliza watoto wanakula mara ngapi kwa siku, na Fundi alipojibu mara mbili hakuwa anadanganya. Aliona cherehani lililoungua, akainusa mota. Dakika ishirini baadaye akafunga faili, akaaga, akatoka. Mke wa Fundi akashusha pumzi.

Lakini hawakusikia viatu vikielekea nje. Walisikia hodi, na hodi hiyo ilikuwa chumba cha nne.

Vyumba vile vilitenganishwa na ukumbi mwembamba na mapazia, na ukinyamaza unasikia hata jirani akikoroga chai. Fundi alisogea nyuma ya pazia lake. Alikuwa na hakika moja tu: kuna mtu amemchongea, na afisa amekwenda kulitafuta kochi. Alisikia maneno mawili matatu ya salamu, kisha ya chini chini ambayo hakuyashika, kisha hili, wazi kabisa:

"Kochi zuri. Ni lako, Bibi?"

Kimya.

"Nauliza tu kwa ajili ya fomu. Ni lako?"

"Ni langu, mwanangu," Bibi Kengele alisema.

Fundi alifumba macho, akamshukuru Mungu. Jioni alipokwenda kulichukua kochi alimshika Bibi mikono miwili na kumwambia ameokoa nyumba yake. Bibi alisema, "Si kitu, baba. Una watoto wewe." Hakuongeza neno. Fundi naye hakuuliza neno, kwa sababu mtu aliyeponea chupuchupu haulizi maswali, anakimbia na kupona kwake.

Siku sita baadaye aliitwa ofisini kutia saini. Maombi yake yamepita: kodi ya miezi mitatu na fedha za mota. Afisa alikuwa mchangamfu siku hiyo, amevaa miwani aliyoisukuma juu ya paji la uso, na alisema neno ambalo kwa taratibu za kazi yake hakupaswa kulisema.

"Ningekuwa napata watu wa kweli kama wewe, Fundi, kazi hii ingekuwa raha. Sio kama yule jirani yako."

"Jirani yupi?"

"Yule bibi wa chumba cha nne. Ameomba fedha za upasuaji. Presha ya macho, na daktari ameandika ni haraka, mwisho wa mwezi usipite. Nilikuwa niende kwake Ijumaa, nikasema kwa vile niko hapa hapa nimalize. Naingia, namkuta amejiegemeza kwenye kochi la mahameli ambalo mimi na mshahara wangu siliwezi. Nimemwuliza mara mbili. Lake. Kamati ikasema auze kochi kwanza, halafu ndiyo aje."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Fundi, na karatasi iko mbele yake. Kila kitu kilimjia kwa mara moja: Bibi akisema alidhani ni Ijumaa, macho yasiyotua kwa mtu, kile kimya kabla ya "ni langu". Mtu akikwambia hakuelewa pale pale, usimwamini. Alielewa. Ilikuwa ni sentensi moja tu, yenye maneno manne: kochi lile ni langu. Lakini akaliona kufuli la mwenye nyumba, na watoto wakikaa juu ya magodoro nje, na majirani wakipita wakitoa pole.

"Watu wana mambo," Fundi alisema. Kisha akatia saini.

Hayo maneno matatu ndiyo yaliyomla. Kunyamaza pengine angejisamehe, wangapi hawajanyamaza? Lakini yeye hakunyamaza, alikubaliana. Alimsaidia afisa kumdharau mwanamke aliyeketi juu ya uongo wa Fundi ili Fundi asifungiwe mlango.

Kodi ililipwa. Mota mpya ikafungwa na cherehani likaanza kuimba. Wateja wakarudi mmoja mmoja. Mambo yote ambayo Fundi aliyaomba kwa miezi mitatu yakamjia, na hakuna hata moja lililopita kooni vizuri. Kochi lilirudi mahali pake na hakuna aliyeweza kumkalisha Fundi juu yake. Alikula akiwa juu ya kiti cha plastiki.

"Kochi limeingia kunguni?" mkewe alimwuliza.

"Mgongo unauma. Linazama sana."

"Wewe ndiye uliyesema lisilozama ni benchi."

Kwa Bibi Kengele alianza kwenda kila asubuhi, na hapo ndipo unapoona mtu mwenye hatia anavyojichosha. Alimtengenezea bawaba ya mlango. Alimchotea maji, ndoo mbili, siku nyingine tatu. Alimshonea mto wa kiti kwa sponji mpya kabisa. Bibi alishukuru kwa kila kimoja, na kwa kila kimoja Fundi alitoka akiwa mdogo zaidi, kwa sababu alikuwa akitoa kila kitu isipokuwa kile kilichohitajika. Ilikuwa kama kumpigia deki mtu ambaye paa lake linavuja.

Na alikuwa akiona. Hilo nalo lisemwe. Alimwona Bibi akitembea kwa kupapasa ukuta wa ukumbi. Alimwona akimsalimia mtoto wake mkubwa kwa jina la mdogo. Kila siku alijiambia kesho. Alijiambia pengine Bibi amepata fedha kwingine. Alijiambia madaktari hupenda kutisha watu. Usiku huo huo alipojiambia hayo hakulala, basi alijua mwenyewe thamani ya hoja zake.

Siku ya kumi na sita tangu atie saini, mkewe alirudi kutoka chumba cha nne na birika mkononi, akaliweka mezani taratibu.

"Bibi amemimina chai pembeni ya kikombe," alisema. "Yote. Imemwagika mezani na yeye anaendelea kumimina. Kisha akanipa barua nimsomee. Ya hospitali. Tarehe yake ya upasuaji imepita, malipo hayakufika. Nikamwuliza, Bibi, si ungeomba Mfuko? Akasema aliomba, hawakumpa. Nikamwuliza kwa nini. Akasema hajui. Yule mama hajui kusema uongo, nimemwona usoni."

Fundi alikuwa akikata kitambaa. Mkasi ulisimama.

"Ni kwa sababu ya kochi," alisema.

Akamweleza lote, tangu kalamu hadi yale maneno matatu. Mkewe alimsikiliza akiwa amesimama. Fundi alitegemea kelele, na pengine alizitamani, maana kelele zina mwisho. Mkewe alikaa juu ya kitanda, akatazama viganja vyake.

"Mbele ulishika wewe," alisema mwishowe, "nyuma nilishika mimi. Lakini siku ile ofisini ulikuwa peke yako."

"Najua."

"Kumi na sita, baba watoto. Siku zote hizo tunalala kitanda kimoja."

"Najua."

"Kesho twende. Na wakitaka fedha zao, tutauza hili dude."

Ofisi ilifunguliwa saa mbili, na siku ya kumi na saba Fundi na mkewe walikuwa wa kwanza kwenye benchi. Afisa aliwasikiliza bila kuandika, jambo ambalo kwake lilikuwa adhabu tosha. Alipogundua kwamba ile habari aliitoa mwenyewe kwa mdomo wake, aliivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Siku ile nilikuambia," alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Ungesema palepale, faili lake lilikuwa hapa juu ya meza. Kamati ilikuwa inakaa tena siku ya pili yake." Hakupaza sauti. "Nami nilimwuliza mara mbili. Kwa nini alisema ni lake?"

Fundi alikuwa na jibu, lakini mkewe alimtangulia. "Angesema si lake, ungemwuliza ni la nani."

Afisa alichukua maelezo yao, wakatia saini wote wawili. Kamati ilikaa kwa dharura. Jina la Fundi lilifutwa kwenye orodha ya wanaoweza kuomba kwa miaka miwili, na alitakiwa kurudisha fedha kidogo kidogo kila mwezi. Kochi likauzwa wiki hiyo hiyo kwa mwenye saluni, kwa bei ya kutupa, na malipo ya kwanza yakatoka humo. Fedha za Bibi Kengele zilifika hospitali baada ya siku nne. Mke wa Fundi ndiye aliyempeleka na ndiye aliyekaa naye wodini.

Bibi alirudi Jumamosi mchana. Nyumba nzima ilijaa chumba cha nne, wa chumba cha kwanza hadi wa sita, wengine wamesimama ukumbini kwa kukosa nafasi. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa pamba. La kushoto lilikuwa wazi, safi kabisa kwa kulitazama, halikufungwa kitu, na watu wakafurahi kwamba hilo angalau halikuhitaji kuguswa. Mke wa Fundi aliyasikia hayo, akatazama chini. Yeye ndiye aliyekuwepo daktari alipoeleza: la kulia limewahiwa, la kushoto mshipa wake umekufa, na umekufa katika wiki hizi za karibuni. Hayo alikuwa amemwambia mumewe peke yake.

Bibi Kengele alikuwa mchangamfu. Alimwita Fundi kwa jina lake la utani, akamtaka asogee mbele, akatafuta mkono wake mpaka akaupata.

"Huyu ndiye jirani," aliwaambia watu. "Mimi nilinyamaza, nikasema yaishe. Lakini yeye alipojua tu, alikwenda mwenyewe akajisema. Fedha zao anarudisha, kochi lake kauza. Wangapi wangefanya hivyo? Alipojua tu."

Watu wakaitikia. Mzee wa chumba cha tano akampiga Fundi begani. Fundi alitazama sakafu. Alikuwa amekwisha kulipa kwa ofisi, amelipa kwa mkewe, na alikuwa ameanza kuamini kwamba hesabu imekaribia kufungwa. Sasa alikuwa amesimama katikati ya watu akivishwa sifa ambayo ilimkaa kama koti la kuazima. Angeweza kuliacha likae. Hakuna aliyejua zaidi ya mkewe na afisa, na wote wawili wasingesema.

Aliwangoja watoke. Wa mwisho alikuwa mkewe, aliyemtazama mara moja kisha akavuta pazia nyuma yake. Fundi akapiga goti karibu na kitanda, kwa sababu kiti hakukiona kinamfaa.

"Bibi," alisema, "siku niliyokwenda ofisini haikuwa siku niliyojua."

Uso wa Bibi ulimgeukia. "Ulijua lini?"

"Siku niliyotia saini. Afisa aliniambia habari zako kwa mdomo wake, za macho, za kamati, zote. Nikamwambia watu wana mambo. Nikachukua fedha nikarudi nyumbani. Nimekuchotea maji hapa siku zote nikiwa najua. Siku kumi na saba, Bibi."

Ukumbini mtu alikuwa akisuuza sufuria. Mkono wa Bibi Kengele, ambao ulikuwa bado juu ya kiganja cha Fundi tangu watu walipokuwepo, ulibaki pale muda kidogo, kisha akauondoa, bila haraka, akaupeleka kwenye meza ndogo kupapasa. Akaipata chupa ya dawa, akamnyooshea.

"Nisomee," alisema. "Mkeo alinisomea asubuhi, nimesahau."

Fundi akaipeleka chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Matone mawili asubuhi, mawili jioni. Jicho la kulia."

"Na la kushoto?"

Aliizungusha chupa yote, polepole, akaisoma karatasi yake mwanzo hadi mwisho kama mtu ambaye hajui.

"La kushoto halikuandikwa, Bibi."